Kwani Kuuguza Kunasomewa?

Mama alikuwa anamenya viazi nilipomwambia nataka kusomea uhudumu wa afya. Hakuinua uso. Alimaliza kiazi alichokishika, akakitumbukiza kwenye maji, akachukua kingine, ndipo akauliza, "Kwani kuuguza kunasomewa?"

Nilipandwa na hasira papo hapo. Hasira zangu ziko karibu, nyumbani walishazizoea, lakini siku ile nilikuwa nimejiandaa kuongea taratibu kama mtu mzima. Nilipanga maneno yangu tangu shambani, mstari kwa mstari wa viazi. Yote yaliyeyuka.

"Kunasomewa, Mama. Watu wanapewa cheti."

"Bibi yako nilimuuguza mpaka mwisho. Cheti changu kiko wapi?"

Ni kweli alimuuguza. Bibi, mama yake Mama, alipigwa na kiharusi akalala kitandani msimu mzima wa baridi, na Mama hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Alimhamishia jikoni, kando ya moto, akamfunika mablanketi yote tuliyokuwa nayo, hata langu. Kwetu ni milimani, juu ya Njombe mjini, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba haina mchezo. Asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Mgonjwa akishafunikwa hafunuliwi ovyo. Mimi nilichochea moto, Mama alimlisha uji kwa kijiko. Vidonda vilipoanza kumtoka mgongoni tulisema ni ugonjwa wenyewe unatafuta njia ya kutokea. Tulimzika mvua za kwanza zilipoanza, na kijiji kizima kilimsifu Mama kwa jinsi alivyomtunza mzazi wake.

Kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki. Kilichoniudhi ni kwamba mimi nilikuwa nauliza jambo jingine kabisa. Nisidanganye, sikuwa na wito. Wito ni wa masista. Mimi nilitaka kazi yenye mshahara, yenye sare, na yenye kunitoa kwenye viazi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa matokeo yaliyonitoa shule bila kunifikisha popote. Wenzangu walishatawanyika. Mimi nilipalilia, nikavuna, nikapalilia tena, na kila basi lililopita barabarani niliinuka kulitazama mpaka lipotelee kwenye ukungu. Roho yangu ilikuwa juu juu. Hata kula nilikula nimesimama, na Mama alikuwa akisema nitazaa mtoto mwenye miguu tu.

Tena kazi ya uhudumu ilikuwa inasemwa kila mahali. Zahanati mpya zilikuwa zinajengwa vijijini, upande wa Igwachanya na upande wa Ludewa, na kila zahanati itahitaji mtu wa kuosha wagonjwa, kuwalisha, kutandika vitanda, kumsaidia nesi. Mafunzo ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja nilikuwa nauweza. Miaka mitatu ya unesi kamili ningeishia kuruka dirishani.

Ila kwetu shule haina mzaha, kwa sababu ya miti. Mtoto akianza darasa la kwanza, mzazi anayejipanga hupanda misindano. Mtoto anakua, na miti inakua. Ikifika wakati wa chuo, miti inakatwa, inachanwa mbao, inakuwa ada. Yangu aliipanda Baba mwaka niliovaa sare ya shule kwa mara ya kwanza, kwenye mteremko nyuma ya nyumba, akafariki kabla haijanifika kiunoni. Mama ndiye aliyeipalilia na kuipogolea miaka yote hiyo. Hatukuwa na shamba jingine la miti. Na msindano si mkaratusi. Mkaratusi ukiukata unachipua, unapata mti mwingine palepale. Msindano ukiukata ndiyo basi. Nilikuwa na chuo kimoja tu cha kuchagua maishani mwangu, na nikikosea, hakuna wa kunipandia tena.

Ungedhani mtu anayejua hivyo atatulia afikirie. Mimi nilichagua siku hiyohiyo.

Vyuo nilivyovisikia vilikuwa viwili. Kimoja cha hospitali ya misheni, huko huko milimani kwetu, ambacho kinachukua wachache, kwa usaili, na muhula wao ulikuwa umeshaanza. Ilibidi kusubiri karibu mwaka mzima. Kingine kilikuwa Makambako, kata ya Lyamkena, kipya, na bango lake nililiona kwa macho yangu nilipopeleka viazi sokoni: binti anacheka, kipimo cha daktari shingoni, na chini yake maandishi makubwa ya kijani, AJIRA NJE NJE. Kinapokea wanafunzi mwezi unaofuata. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliifundishwa shuleni na nikaiandikia insha nzima. Mbele ya lile bango haikunijia hata kidogo.

Nilimsumbua Mama mpaka akachoka. Mwisho akakubali nimlete mnunuzi.

Alikuwa mfanyabiashara wa Makambako, Mwislamu mwenye asili ya Tanga, aliyehamia huku zamani kwa biashara ya mbao na malori na akazeekea hapahapa. Alikuja na panga na koti zito. Alizunguka shamba lote, akaswali adhuhuri pembeni kwenye nyasi, kisha akarudi na kusema misindano bado michanga kidogo ila ataichukua. Wakapatana na Mama. Halafu akaanza kupiga alama: mkato mmoja wa panga usawa wa kifua, ganda linatoka, utomvu unaanza kulengalenga. Mti hadi mti. Kwetu mti uliopigwa alama una mwenyewe. Hata akija mwingine kesho na bei nono zaidi, huuzi, na wala hughairi. Anayeghairi, habari zake zinafika Igwachanya kabla yeye hajashuka kilima.

Mama alisimama akimtazama hadi mti wa mwisho. Mzee alipoondoka, akisema watu wake wa chenso, ile misumeno ya mashine, watakuja wiki inayofuata, Mama aligusa utomvu kwa kidole.

"Umewauliza waliomaliza huko wako wapi?"

"Waliomaliza wapi?"

"Chuoni kwako. Ukinunua mbegu ya viazi unakwenda kuangalia shamba la anayekuuzia. Huangalii gunia."

Nilimjibu vibaya. Nilisema chuo si viazi. Lakini usiku huo lile neno liliniwasha, na mimi nikishawashwa sikai. Asubuhi nilivaa koti la Mama la kwendea kanisani, nikakwapua faili nililowekea vyeti vyangu vya shule, nikashuka Makambako.

Makambako si kwetu. Kwetu ukungu, kule upepo na vumbi, na malori yamejipanga barabarani kutwa nzima. Chuo kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ofisini nilimkuta kijana mwenye tai, mchangamfu, akanipa fomu ya kujiunga kabla sijakaa. Nikamwomba nione wanaposomea. Akanionyesha chumba chenye kitanda kimoja na mwanasesere mkubwa aliyelazwa hapo, mkono mmoja umeng'oka umewekwa kando ya mto.

"Wodini mnakwenda lini?" niliuliza.

"Tunakamilisha taratibu na hospitali."

"Na waliomaliza wako wapi?"

"Wametawanyika nchi nzima, dada yangu."

"Nitajie mmoja aliyeko hapahapa Makambako."

Simu yake ikaita. Nadhani iliita kweli. Alitoka kwenda kuipokea, na mimi nikabaki na yule mwanasesere mpaka nikaona aibu, nikaondoka.

Nikaamua kuwatafuta mwenyewe. Niliingia zahanati ya kwanza ya mtu binafsi niliyoiona, nikasimama mlangoni na koti la Mama na faili kwapani, nikamuuliza dada wa mapokezi, kwa sauti ya juu maana nilikuwa na hofu, "Mhudumu wenu wa afya amesomea chuo gani?" Dada yule akabadilika uso. Akaniomba nisubiri, akaingia ndani haraka, na kupitia dirishani nikaona msichana mwenye sare ya bluu anatokea mlango wa nyuma, anavuka uchochoro nusu anakimbia. Zahanati ya pili walinipa kiti na soda. "Karibu sana, afisa," walisema. Vyeti vyote vipo, ila amevifungia bosi, na bosi amesafiri Mbeya. Ndipo nikaelewa kwamba wananidhania mkaguzi. Soda niliinywa. Kiu ilikuwa imenishika, na sikuwa nimewaambia mimi ni nani.

Nje kicheko kilinitoka, kisha kikakatika. Kama wahudumu wa hapa ni watu wa kufichwa, mimi nitafichwa wapi?

Nilikata uchochoro kurudi stendi, na nyuma ya gesti moja nikamkuta yule msichana wa sare ya bluu. Sasa alikuwa amejifunga kanga juu ya sare na anaanika mashuka. Aliponiona alishika kamba.

"Afisa, nakuomba. Usiniharibie."

"Mimi si afisa, dada. Mimi natafuta chuo."

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, koti, faili, viatu vyenye udongo wa shambani. Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye beseni lililopinduliwa. Alikuwa amenizidi miaka michache tu. Akanivutia ndoo nikae, na kwa mara ya kwanza siku ile nikakaa.

Alisomea Lyamkena, palepale penye bango. Alimaliza na cheti chake kina muhuri wa rangi mbili. Alipokipeleka hospitali, ya serikali na ya misheni, wote walimuuliza kitu kimoja: kozi hii imesajiliwa? Chuo kilikuwa na usajili, ndiyo, lakini wa ushonaji na kompyuta. Wa uhudumu wa afya ulikuwa "unashughulikiwa." Bado ulikuwa unashughulikiwa. Pale zahanati alikuwa anajitolea bila malipo ili asisahau kazi, na kila akija mkaguzi anapitishwa mlango wa nyuma. Kilichomlisha ni gesti.

"Kutandika kitanda lakini tulifundishwa," alisema, na akanyanyua ncha ya shuka kunionyesha. "Njoo uone kona zangu. Madereva wa malori wanalala kama wagonjwa wa daraja la kwanza."

"Sasa mimi nifanyeje, dada?"

"Ofisini usiulize, mdogo wangu. Ofisini kila kitu kipo. Nenda hospitali, ingia wodini, mtafute anayemwaga beseni, muulize yeye alisomea wapi. Na uulize usajili wa hiyo kozi, siyo wa chuo."

Nikamshukuru, nikainuka. Halafu nikamuuliza, sijui kwa nini, nyumbani waliuza nini kumlipia.

"Misindano ya baba."

"Imebaki mingine?"

"Wewe si wa hukohuko?" alisema. "Msindano unachipua?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa mbao wa yule mzee. Nilimkuta kati ya marundo, nikamwamkia shikamoo na kumwaga yote bila kupumua: chuo, mwanasesere, mashuka, naomba asikate. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Binti, alama nilizipiga mbele ya mama yako. Kuzifuta si juu yako. Aje mwenyewe." Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nafungua na kufunga kifungo cha koti la Mama mpaka kikakatika.

Mama hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alikishona kile kifungo, na kesho yake akalivaa koti, tukashuka wote. Mama yangu, ambaye hajawahi kumpa mtu neno kisha akalichukua, alikaa kwenye benchi la mbao mbele ya vijana wa chenso wote, akasema, "Baba, miti ni yako. Bei ni ileile tuliyopatana. Ila nakuomba uiache isimame mpaka mwakani."

Mzee akafikiri. "Kwa bei ya leo? Basi miti itaninenepea mimi, mama."

"Ikunenepee. Lakini isikatwe kabla mtoto hajajua anakwenda wapi."

Wakapeana mikono. Mimi nilitazama chini muda wote. Nilijua kwamba kila mvua itakayonyesha kwenye ule mteremko kuanzia siku ile inamnufaisha mtu mwingine, na ni kwa sababu ya miguu yangu isiyotulia.

Wiki ileile nilikwenda hospitali ya misheni. Ofisini sikuingia. Nilisubiri saa ya kuona wagonjwa, nikajichanganya na wanawake waliobeba vyakula, nikaingia nao wodi ya wanawake. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake, lazima awe na ndugu wa kumuuguza, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Karibu na dirisha alilala bibi mmoja, na mhudumu kijana alikuwa anainama kumsemesha Kibena. "Kamwene, bibi," nilimsikia akimwamkia, kisha akaangalia huku na huku na kuniona mimi nimesimama tu.

"Dada, nishikie bega hapo. Ndugu yake amekwenda kufua."

Nikaweka faili chini, nikashika. Akalifunua blanketi, akakunja goti la yule bibi, akahesabu taratibu, tukamgeuza ubavu. Akamsugua mgongo, akaukagua pole pole kwa vidole, akaweka mto.

"Kwa nini umemgeuza? Alikuwa amelala vizuri," nilisema.

"Akilala upande mmoja damu haipiti, nyama inaoza. Anatoka vidonda mgongoni. Tunamgeuza kila baada ya saa mbili."

"Na baridi je?"

Alinitazama kama haelewi swali. "Baridi? Unamfunika tena."

Unamfunika tena. Nilibaki nimeshika chuma cha kitanda. Aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Nikamuuliza nililojia: alisomea wapi? Hapahapa, alisema, na akaninyooshea kidole wenzake. Yule pale, hapahapa. Yule wa wodi ya wazazi, hapahapa. Wawili aliomaliza nao walipata zahanati za serikali upande wa Ludewa, na mmoja alikuwa bado yuko kwao anasubiri.

Sista aliyekuwa mkuu wa wodi ndiye aliyenikuta na kunipeleka ofisini kwake. Nilimuuliza usajili wa kozi, akanionyesha cheti cha usajili ukutani. Nilimuuliza kama nikimaliza nitapata kazi.

"Kazi siwezi kukuahidi," alisema. "Wanaotufaa tunawapa mkataba. Wengine wanaomba serikalini zinapotangazwa, wengine wanapata, wengine wanasubiri. Ninachoweza ni kukuonyesha walipo."

Jibu lile halikuwa tamu hata kidogo. Kwenye bango lisingekaa. Ndilo nililoliamini.

Nyumbani Mama aliniuliza kama nimewaona waliomaliza. Nikasema nimewaona. Akasema vizuri, akaendelea kupeta maharage. Kisha, kwa utani tu, akauliza, "Na hicho kinachofundishwa mwaka mzima ni nini? Kulisha uji?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kungoja siku nyingine, au nisiseme kabisa mpaka naingia kaburini. Lakini nilikuwa nimeibeba habari ile njia nzima na ilikuwa inaniunguza.

"Wanafundishwa kumgeuza mgonjwa, Mama. Vile vidonda vya Bibi havikuwa ugonjwa unatoka. Ni kulala. Tulimlaza upande mmoja na tukaogopa kumfunua."

Ungo ulisimama mkononi mwake. Nje mbuzi alikuwa analia na hakuna aliyekwenda kumtazama. Nilijuta. Nilikuwa nimemnyang'anya Mama kitu pekee ambacho kijiji kizima kilimpa. Alitazama mahali kitanda cha Bibi kilipokuwa, ambapo sasa tuliweka magunia.

"Alikuwa hawezi kusema," alisema.

"Alikuwa hawezi, Mama."

"Alikuwa ananitazama tu. Nikadhani anashukuru."

Alilia kidogo, bila sauti, na mimi nikalia. Halafu akajifuta kwa ncha ya kitenge, akapeta mara mbili tatu, na kuniuliza usaili ni lini.

Mwaka wa kusubiri ulikuwa mrefu na sikuumaliza kwa adabu. Niligombana na majirani, nilijifunza kusuka nywele nikaacha, nilifuga kuku wakafa. Mara mbili nilikaribia kupanda gari la kwenda popote. Kila nilipozidiwa nilipanda kwenye shamba la miti nikakaa chini ya zile alama, ambazo zilikuwa zimeanza kuziba pembeni. Usaili niliufaulu. Siku ya chenso nilitaka nisiwepo, lakini Mama alisema miti yangu niiage. Mzee alikuwa mwungwana: alipoona jinsi ilivyonenepa, aliacha mmoja, uliokuwa karibu na nyumba, akasema huo ni zawadi yake kwa Mama. Iliyobaki ilianguka kabla ya chakula cha mchana.

Nilisoma, nikamaliza, nikapewa mkataba hospitali ileile. Si mkataba wa kujivunia. Kila mwaka unahuishwa, na nafasi za serikali zikitangazwa nami hukaa na simu yangu chini ya mti wa nyumbani, penye mtandao, nikijaza na kutuma. Bado sijaitwa. Siku hizi nimeanza kuuliza habari za unesi kamili, ile miaka mitatu niliyokuwa naiogopa. Mama akisikia huangalia ule mti mmoja uliobaki na kucheka.

Mwaka huu, msimu wa kuvuna viazi, Mama aliteleza kwenye tuta akavunjika nyonga. Walimleta hospitalini kwetu. Alilazwa wodi ya upasuaji, na mimi nilikuwa nimepangwa wodi ya magonjwa ya ndani, upande wa pili wa uwanja. Waliokuja kumwona kutoka kijijini walimuuliza nani anamuuguza, na jibu lilimchoma: ni binamu yake, na mwenye binti hospitalini hakutakiwa kuuguzwa na binamu. Nilikuwa namkimbilia kila nikipata upenyo. Siku moja, mchana, nilimkuta amenuna. Mhudumu mwenzangu, binti wa watu wa Makambako ambaye hata Kibena hajui, alikuwa ndio kwanza amemaliza kumgeuza na anamfunika.

"Huyu mtoto hana huruma," Mama aliniambia, mwenzangu akiwa anasikia. "Kila nikipata joto, anakuja kunifunua."

"Ndiyo kazi yake, Mama. Onyesha mgongo." Niliukagua kwa vidole, pole pole. Ulikuwa mzima, laini, hauna hata wekundu.

"Miti yangu yote imekatwa," alisema, "ili mtoto wa mwenzangu ndiye aje kunifunua blanketi?"

Mwenzangu alicheka. Nilivuta kiti nikakaa, nikamwambia Mama leo sitoki, nitaomba ruhusa, nitakaa naye mpaka jioni kama mtoto anavyotakiwa kukaa na mzazi wake. Akanishika mkono. Kisha akauliza, kama mtu anayetafuta maneno ya kupitishia muda, "Na wewe huko kwako unamgeuza nani?"

"Bibi mmoja wa upande wa Ludewa. Kiharusi."

"Ana mtu?"

"Ndugu yake amekwenda kutafuta nauli, hajarudi."

"Anasema?"

"Hasemi, Mama. Anatazama tu."

Mama aliuachia mkono wangu.

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?" alisema. "Inuka. Nenda kamgeuze."